Uonevu na Haki katika Shule za Thika na Ruiru

Uonevu shuleni katika Thika na Ruiru ni wa zamani kuliko somo lolote la kuukabili. Kwa zaidi ya nusu karne shule za eneo hili zilimfunza mtoto kustahimili: kustahimili fimbo ya mwalimu, amri ya kiranja na kejeli ya mwenzake. Mafunzo ya kumwezesha kuutambua uonevu, kuutaja na kuushtaki yalikuja baadaye, tena vipande vipande, na mara nyingi walioyaanzisha walikuwa nje ya lango la shule.

Miji hii miwili imo katika Kaunti ya Kiambu, kwenye barabara itokayo Nairobi kwenda kaskazini mashariki. Msafiri hufika Ruiru kwanza. Thika iko mbele yake, zaidi ya kilomita 40 kutoka Nairobi, panapopita mito ya Thika na Chania. Reli ya tawi ilifika Thika mwaka 1913. Kufikia wakati huo sehemu kubwa ya ardhi ya pande hizi ilikuwa imegawiwa walowezi, nao wakapanda mkonge na kahawa. Mananasi yalitawala baadaye. Mashamba hayo yaliwaleta pamoja Wakikuyu, Wakamba, Waluo, Waluhya na wengine katika kambi za vibarua, nyumba za mstari mmoja, chini ya nyapara. Sheria ya usajili ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilimlazimu mwanamume Mwafrika kubeba kipande, hati ya utambulisho na kazi iliyowekwa ndani ya kijikopo cha chuma na kuning'inizwa shingoni.

Shule za mwanzo zilichipuka pembezoni mwa mashamba hayo, na tabia zake hazikuwa mbali na za kambi. Kibarua alikuwa na nyapara na mwanafunzi akawa na kiranja. Aliyechelewa kazini alikatwa mshahara au kupigwa, na aliyechelewa darasani alipigwa. Si ajabu kwamba somo la kwanza la kupinga dhuluma katika eneo hili halikutolewa na mwalimu yeyote ubaoni.

Kambui, milimani upande wa magharibi wa Ruiru, palikuwa na kituo cha wamisionari wa Gospel Missionary Society tangu mwanzo wa karne ya 20. Harry Thuku, aliyezaliwa huko mwaka 1895, alisoma kwenye misheni hiyo kwa takriban miaka minne kabla ya kwenda Nairobi kutafuta kazi. Mwaka 1921 alikuwa kiongozi wa vijana waliolalamikia kipande, ongezeko la kodi, upunguzaji wa mishahara na kulazimishwa kwa wanawake na wasichana kufanya kazi. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati uliokusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi kudai aachiliwe ulimiminiwa risasi, wakafa watu wasiopungua 20, akiwemo Mary Nyanjiru, mwanamke anayekumbukwa kwa kuwakejeli wanaume waliosita. Thuku mwenyewe alipelekwa uhamishoni Kismayu. Misheni ilikuwa imemfundisha kusoma na kuandika ili awe mtumishi mwema. Yeye akautumia ujuzi huohuo kuandika malalamiko na kutuma simu za maandishi hadi London.

Mvutano uliofuata ulihusu shule zenyewe. Mwaka 1929 misheni kadhaa za Kiprotestanti, ile ya Kambui ikiwa miongoni mwao, ziliwataka waumini na walimu wao waikane hadharani tohara ya wasichana. Wengi walikataa, wakawaondoa watoto wao na kuanzisha shule zao. Leo ni vigumu kuitetea mila hiyo, na sheria ya Kenya imeipiga marufuku; hata hivyo kilichobishaniwa wakati ule kilikuwa pia swali la nani ana mamlaka juu ya mtoto na shule. Shule hizo huru ziliunganishwa katika miaka ya 1930 chini ya vyama viwili vya shule huru za Wakikuyu, KISA na cha Karing'a, zikajengwa kwa michango ya wazazi, wengine wakichangia mbao na wengine jasho. Mwaka 1939 Mbiyu Koinange, aliyekuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo, alifungua chuo cha ualimu Githunguri ili shule hizo zipate walimu. Jomo Kenyatta alikiongoza kuanzia mwaka 1947.

Katika shule hizo mtoto alisikia kwa mara ya kwanza, kutoka kinywani mwa mwalimu wake, kwamba kunyimwa ardhi au elimu ni dhuluma inayoweza kupingwa. Lakini hazikuwa pepo. Mwalimu wa shule huru alishika fimbo kama mwalimu wa misheni, na mtoto aliyedai haki ndani ya darasa hilohilo alichapwa vilevile. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, serikali ilizifunga shule hizo pamoja na chuo cha Githunguri, na zile zilizofunguliwa tena zikawekwa chini ya bodi za elimu za wilaya.

Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekuwa mwanafunzi wa shule ya Karing'a huko Limuru, upande wa pili wa Kiambu, ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 1986, *Decolonising the Mind*, yaliyofuata. Aliyesikika akisema Kikuyu shuleni alichapwa, au alivishwa shingoni kibao cha chuma chenye maneno ya kumdhihaki. Namna ya kuwanasa wakosaji ndiyo iliyokuwa na sumu zaidi: kifungo kilipitishwa kutoka kwa mtoto mmoja hadi mwingine, kila mmoja akimvizia mwenzake ili aondokane nacho, na jioni walioguswa nacho wakatajana. Baba alikuwa amevaa kipande shingoni, sasa mwana naye akavaa chake. Desturi hiyo ilienea sana Kenya na kudumu miongo mingi baada ya uhuru, safari hii mikononi mwa walimu Waafrika. Kwa historia ya uonevu ni mfano usio na kifani, kwa kuwa shule haikushindwa kuzuia watoto kuoneana. Iliwapangia ratiba ya kufanya hivyo.

Ndani ya shule za bweni palikua mila nyingine. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliitwa mono. Aliingia langoni akiburuta sanduku lake la bati, na kabla ya jua kutua wakubwa walikuwa wameshamgawana: huyu amfulie soksi, yule amletee maji, mwingine amwagize aimbie kijiko au apige simu kwa kutumia kiatu. Chakula chake cha nyumbani kilikuwa halali kwa yeyote. Walioteswa mwaka huo walingoja Januari iliyofuata ili walipize kwa wageni, na wazee waliopitia hayo walisimulia kwenye karamu kama kichekesho, wakisema yaliwakomaza. Wazazi wengi waliamini hivyo pia. Mtoto aliyelalamika aliitwa mlaini au mchongezi, jina ambalo katika bweni ni baya kuliko mwizi.

Wakati shule za kawaida zikiendelea hivyo, Thika palikuwa na jaribio la aina nyingine. Jeshi la Wokovu lilifika Kenya mwaka 1921. Mwaka 1946 lilianzisha Thika kituo cha kuwasaidia wanaume waliopofuka katika Vita Kuu ya Pili, askari waliorudi nyumbani bila macho na bila kazi. Kituo hicho kikageuka kuwa shule ya watoto wasioona, ya kwanza nchini Kenya. Mwaka 1967 kukawa na shule ya upili. Kabla ya hapo mtoto asiyeona katika sehemu nyingi za nchi alikuwa na njia mbili tu: kufichwa nyumbani au kuketishwa kando ya njia na bakuli. Upofu ulielezwa kuwa laana, uchawi au adhabu ya kosa la wazazi, na familia iliyokuwa na mtoto kama huyo ilimficha mgeni alipobisha hodi.

Kilichobadilisha mambo Thika kilikuwa kifaa kidogo. Maandishi ya Braille, yaliyobuniwa na Mfaransa Louis Braille katika karne ya 19, hutumia nafasi ya nukta sita zilizopangwa safu mbili za tatu tatu. Nukta hizo zikiinuliwa kwa mipango tofauti hutoa alama 63, zinazotosha herufi, tarakimu na vituo. Mwanafunzi huandika kwa kutoboa karatasi nene kutoka nyuma kwa msumari wa mkono, akienda kulia kwenda kushoto, kisha huigeuza na kusoma kwa ncha za vidole kushoto kwenda kulia. Baadaye zilikuja mashine zenye vitufe sita zinazomwezesha kusoma alichoandika papo hapo. Kiswahili kinaingia vizuri katika mfumo huu kwa sababu hakina herufi zenye alama za ziada. Askari aliyezoea kusomewa barua na jirani, jirani aliyejua siri zake zote, sasa aliweza kusoma peke yake. Mtoto naye aliweza kufanya mtihani uleule wa taifa.

Hilo la mtihani lina uzito kuliko linavyoonekana. Dharau dhidi ya watu wasioona ilisimama juu ya dai kwamba hawawezi. Karatasi ya mtihani ilikuwa ushahidi ambao hata afisa wa elimu asiyependa hakuweza kuukana. Wahitimu wa Thika walianza kuonekana vyuoni, mahakamani, kanisani na hasa katika ualimu, na si wachache waliorudi kufundisha palepale walipofundishwa. Mtoto wa darasa la kwanza aliyeletwa kutoka mbali, akilia, alikabidhiwa kwa mwalimu aliyekuwa amelia vivyo hivyo kwenye lango hilohilo.

Mwaka 1962 Jeshi la Wokovu lilifungua Thika shule nyingine, Joytown, kwa watoto wenye ulemavu wa viungo. Polio ilikuwa bado inalemaza watoto wengi miaka hiyo, na shule ya kawaida, hata kama mwalimu wake alikuwa na moyo mwema, ilikuwa na ngazi, mashimo ya choo na safari ya kilomita kadhaa kwa miguu. Joytown ilikuwa na viti vya magurudumu, mikongojo na njia za mteremko. Kambui nako, mahali pale aliposomea Thuku, kanisa la Presbyterian lina shule ya viziwi. Hivyo katika eneo dogo la Kiambu palikusanyika shule za watoto ambao kwingineko waliambiwa hawana haja ya shule.

Katika shule za viziwi kulikuwa na kibao kingine cha shingoni, ingawa hakikuonekana. Hadi miaka ya 1980 sera ya ufundishaji ilisisitiza mtoto asiyesikia asome midomo na kujaribu kutamka, na kuzungumza kwa mikono kulikatazwa. Watoto walizungumza kwa ishara bwenini na vichochoroni, kama wenzao wa shule za kawaida walivyonong'ona Kikuyu au Kikamba mwalimu alipogeuka. Katiba ya mwaka 2010 ililipa jambo hilo jibu kamili: ibara ya 7 inaitaka serikali kuendeleza Lugha ya Ishara ya Kenya na maandishi ya Braille, na ibara ya 120 inaitambua lugha hiyo ya ishara kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, sambamba na Kiswahili na Kiingereza.

Lugha ya mitaani ilikwenda polepole zaidi. Kiswahili chenyewe kimewaweka kipofu, kiziwi, kiwete na kilema katika umbo la ngeli ya vitu, kiti na kisu, ijapokuwa kisarufi hukubaliana na viumbe. Kikuyu kina neno kĩonje, lenye umbo kama hilo. Walimu wa elimu maalumu na vyama vya watu wenye ulemavu wamependekeza kwa muda mrefu maneno kama asiyeona na mwenye ulemavu. Wapo wanaosema ni kupamba maneno tu. Lakini mtoto aliyeitwa kwa ulemavu wake tangu akiwa na miaka mitatu, kiasi kwamba jirani hajui jina lake la ubatizo, hahitaji kuelezwa tofauti iliyopo.

Serikali huru ilirithi shule za Thika na kuzifanyia sera. Kamati iliyoongozwa na Ngala Mwendwa ilitoa ripoti mwaka 1964 kuhusu malezi na urekebishaji wa watu wenye ulemavu, na ikafuatwa na waraka wa sera wa mwaka 1968. Taasisi ya Kenya ya Elimu Maalumu, KISE, ilianzishwa mwaka 1986 ili kuwafunza walimu. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ilipitishwa mwaka 2003, mwaka uleule elimu ya msingi ilipofanywa bure katika shule za umma.

Lakini shule maalumu ilikuwa na upande wa pili, na ni haki kuusema. Ukuta uliomkinga mtoto asiyeona dhidi ya kejeli uliwakinga pia watoto wa kijijini kwake wasimjue. Alirudi nyumbani likizo mara tatu kwa mwaka, mgeni kwa wenzake, na wale waliomcheka akiwa mdogo walikua watu wazima bila kufundishwa lolote. Ndiyo sababu kuanzia miaka ya 1980 kulianzishwa mipango ya kuwapeleka baadhi ya wanafunzi wasioona katika shule za kawaida, wakisaidiwa na mwalimu anayezunguka. Watoto wenye ualbino, ambao wengi wana uoni hafifu, walijikuta katikati: wengi walipelekwa shule za wasioona ingawa kilichohitajika kilikuwa maandishi makubwa, kofia na kiti cha mbele darasani. Isaac Mwaura, aliyeteuliwa mwaka 2013 kuwa mbunge wa kwanza mwenye ualbino nchini Kenya, aliwania mwaka 2017 tiketi ya kugombea kiti cha Ruiru. Hakuipata, akateuliwa kuwa seneta. Lakini wapiga kura wa Ruiru walikuwa wamempima kama wanavyompima mwanasiasa mwingine yeyote, kwa sera, ukoo na pesa.

Ubaguzi wa rangi ulikuwa wa wazi zaidi na uliondolewa kwa haraka zaidi. Chini ya ukoloni Wazungu, Waasia na Waafrika walikuwa na shule mbalimbali, walimu wa mishahara tofauti na bajeti zisizolingana hata kidogo. Thika, mji wa maduka ya Wahindi na viwanda, iliishi mgawanyo huo mtaa kwa mtaa. Tume ya Ominde, iliyoteuliwa Desemba 1963 na kutoa ripoti mwaka uliofuata, ilipendekeza mfumo mmoja wa taifa usiojali rangi wala dini. Milango ikafunguliwa. Karo haikuondoka mlangoni, na shule iliyokuwa ya watoto wa rangi fulani mara nyingi ikawa ya watoto wa mfuko fulani.

Fimbo, kwa upande wake, ilipewa sheria. Kanuni za nidhamu za mwaka 1972, zilizotolewa chini ya Sheria ya Elimu, ziliruhusu mwanafunzi kuchapwa kwa henzirani au mkanda, si zaidi ya viboko sita, baada ya uchunguzi, na si mbele ya wanafunzi wengine, tena mwalimu mkuu akiandika kumbukumbu. Miongoni mwa makosa yaliyotajwa kustahili adhabu hiyo, pamoja na uongo na utoro, ulikuwamo uonevu. Mkubwa aliyempiga mdogo apigwe na mkubwa zaidi: mwanafunzi hakukosa kuielewa hesabu hiyo. Kanuni hizo hazikufuatwa hata kwa masharti yake. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 1999 ilieleza jinsi walimu nchini walivyochapa kila siku, mbele ya darasa zima, kwa kuchelewa, sare chafu au jibu lisilo sahihi.

Miaka ya 1990 ilikuwa ya kutisha. Kenya iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto Julai 1990. Mwaka mmoja baadaye, usiku mmoja wa Julai 1991, wavulana wa shule ya St. Kizito huko Meru waliwavamia wasichana wa shule hiyohiyo. Wasichana 19 walikufa na wengine wengi walibakwa. Mei 1999 viranja wanne wa Nyeri High School walichomwa moto wakiwa wamelala. Hakuna aliyeweza kusema tena kwamba ukatili wa bwenini ni mzaha wa vijana. Tarehe 13 Machi 2001 waziri wa elimu alizifuta kanuni za viboko. Usiku wa tarehe 25 mwezi huohuo bweni la shule ya Kyanguli, wilayani Machakos, lilichomwa na wavulana 67 wakafa. Wapo walimu na wazazi waliodai mara moja kwamba moto huo ni tunda la kuondoa fimbo, dai lisiloingia akilini: siku 12 haziwezi kuzaa yaliyochukua miaka 12 kuiva. Kikosi kazi kilichoongozwa na Naomi Wangai mwaka huo kilichunguza migomo na vurugu katika shule za upili, na miongoni mwa mapendekezo yake kilitaka ushauri nasaha uimarishwe na wanafunzi wasikilizwe.

Ushauri nasaha haukuwa jambo jipya. Wizara ilikuwa na kitengo chake tangu mwaka 1971, na kila shule ilitakiwa kuwa na mwalimu wa kazi hiyo. Kwa kawaida alikuwa mwalimu wa somo jingine mwenye vipindi vingi, na ofisi yake, kama alikuwa nayo, ilipakana na ya naibu mwalimu mkuu, mtu wa nidhamu. Mwanafunzi aliyeonewa na kiranja alitazama milango ile miwili, akageuka.

Mwaka 2009 lilifanyika badiliko lenye maana zaidi kuliko lilivyotangazwa. Chama cha wakuu wa shule za upili, kikisaidiwa na UNICEF, kilianzisha mabaraza ya wanafunzi: viongozi wachaguliwe kwa kura badala ya kuteuliwa na walimu, na wawasilishe malalamiko ya wenzao. Kiranja wa zamani alikuwa jicho la mwalimu bwenini. Mjumbe wa baraza, angalau kwa maandishi, ni mdomo wa bweni ofisini. Kuna shule zilizobadilisha jina tu, zikawaita viranja wale wale wajumbe.

Ukabila uliingia katika mtaala kwa kishindo baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Ghasia zilizofuata ziliua zaidi ya watu 1,100 nchini na kuwafukuza mamia ya maelfu makwao. Ruiru na Thika, zilizojaa wafanyakazi wa makabila mengi tangu enzi za mkonge, ziliona majirani wakihesabiana kwa majina ya ukoo. Mwaka 2008 wizara ilianzisha elimu ya amani, Bunge likapitisha Sheria ya Utangamano wa Kitaifa, na muda mfupi baadaye stadi za maisha zikapewa kipindi kimoja kwa wiki. Kipindi kisicho na mtihani ni mali ya mwalimu wa hisabati. Hilo kila mwanafunzi wa Kenya analijua.

Fasihi ilifanya kazi ambayo kipindi hicho kilishindwa, kwa sababu fasihi ina mtihani. Mwishoni mwa muongo wa 2010 na mwanzoni mwa ule wa 2020 wanafunzi wa shule za upili walisoma *Kigogo*, tamthilia ya Pauline Kea ambamo Tunu na wenzake wanapinga mtawala aliyefunga soko, na *Chozi la Heri*, riwaya ya Assumpta Matei kuhusu familia zilizofurushwa na ghasia za kisiasa. Kwa maswali ya insha na dondoo, mtoto wa Ruiru alilazimika kueleza kwa hoja nani ameonewa, kwa nini, na mhusika alifanya nini. Hakuna somo la maadili lililowahi kudai mengi hivyo kutoka kwake.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 36, inakataza kumtesa au kumdhalilisha mwanafunzi kimwili au kisaikolojia. Anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, kufungwa hadi miezi sita, au vyote viwili. Sheria haikuwa imefika kila bweni. Mwaka 2017 magazeti yaliripoti mateso ya wanafunzi wapya katika Alliance High School, shule ya kitaifa iliyo Kikuyu, katika kaunti hii hii. Wizara ilituma wachunguzi na mkuu wa shule akastaafu mapema. Kilichoshtua umma si kwamba mono waliteswa, bali kwamba safari hii walisema, na wazazi wakawaamini.

Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, umeorodhesha maadili manane ya kukuzwa kwa mwanafunzi: upendo, uwajibikaji, heshima, umoja, amani, uzalendo, haki ya kijamii na uadilifu. Haki ya kijamii imo katika orodha moja na heshima, na mwalimu mwenye wanafunzi 70 huona ni rahisi zaidi kufundisha ya pili. Idadi hiyo si ya kutia chumvi kwa pande hizi: mji wa Ruiru ulikuwa na watu wapatao 240,000 katika sensa ya 2009, na 490,120 katika sensa ya 2019, wakati Thika ilikuwa na 251,407. Madarasa ya umma hayakuongezeka kwa kasi hiyo, na katika uwanja wa mchezo uliojaa hivyo mwalimu wa zamu haoni kila kinachotendeka. Simu nazo zimeutoa uonevu nje ya lango. Sheria ya Makosa ya Kompyuta ya mwaka 2018 inauadhibu udhalilishaji wa mtandaoni, ingawa mtoto mwenye miaka 12 ni nadra kujua kwamba ipo.

Mtoto anayeonewa, au mtu mzima aliyeona, anaweza kupiga namba 116, inayoendeshwa na Childline Kenya kwa ushirikiano na serikali. Simu hiyo haitozwi, na hupokewa mchana na usiku.